Kidude cha Bima Kilivyomuua Mjomba Wakoli

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Leo tumefungiwa kidude. Cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kimenata kwa sumaku chini ya usukani wa pikapu. Kampuni ya bima ilikataa kukatia magari yetu bima bila hicho. Fundi wao, Naim, alieleza kwamba kinapima mwendo, breki na kona, kisha kinakupa alama kwa mia. Tena kinamwonyesha Mama Kadija kwenye simu gari liko wapi kila dakika. Kila dakika! Hata mke wangu Rispah hajui hivyo. Nikamuuliza Naim kama kinasikia. Akasema hakisikii. Hata mimi ningemtegea mtu sikio ningesema hivyo.

Mama Kadija ndiye mwenye duka la mbegu hapa Kitale. Alituita mimi na dereva mwenzangu, Makokha. Canter mpya inakuja. Mwenye alama nyingi Ijumaa ndiye ataiendesha. Canter! Miaka kumi na moja napeleka mbegu Bungoma kwa pikapu inayovuja mvua, nikiomba siku hii ifike. Makokha ana miaka minne tu na anaendesha akiwa na glavu.

Alama za jioni: Makokha 88. Mimi 41. Yaani breki nilizowafungia ng'ombe wa Kiminini nimehesabiwa mimi!

Jumanne, 8 Aprili

Mbinu ya leo: unyenyekevu. Kilomita kumi na tano kwa saa, Kitale hadi Bungoma, nikiimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa kwa faida ya kidude. Pale Kamukuywa nilipitwa na baiskeli iliyobeba kochi. Mwenye baiskeli akanipa pole. Nilifika Bungoma wateja wamefunga, nikarudi na magunia yote.

Alama 63. Makokha 90. Mama Kadija aliniuliza kama nilikuwa nikisindikiza konokono. Makokha alicheka huku akivua glavu kidole kimoja kimoja. Simpendi, na sioni kwa nini nifiche.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepata! Ni gari gani huenda polepole kuliko yote, na hakuna anayelipigia honi? Gari la maiti. Na nani huliendesha? Binamu yangu Mukhisa. Kesho anatoa marehemu mochari ya Bungoma kumpeleka kwao Chwele. Taa zimewashwa, kwaya nyuma, mwendo wa miguu. Nikamwomba anibebee kidude. Akasema, "Si ni kakitu kadogo tu? Leta, bana."

Usiku huu nitalala vizuri. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi nilinatisha kidude chini ya kiti cha Mukhisa. Kisha nikakanyaga mafuta! Wateja wote wa Bungoma walipata mbegu kabla ya saa sita. Saa nane nikampigia Naim simu kuuliza alama. 96! Nikanunulia wapakuaji mandazi.

Saa kumi nikauliza tena. 12.

Nikampigia Mukhisa. Akaeleza bila haraka kwamba akiwa na marehemu huenda taratibu kwa heshima. Baada ya mazishi hubaki peke yake ndani ya lile gari, na hapo hukimbia. Anaogopa. Miaka sita kwenye kazi, anaogopa!

Halafu Rispah akapiga. Mama Kadija yuko nyumbani kwetu na sukari na mchele, analia. Aliona kwenye simu gari limesimama mochari, kisha kanisani, kisha kwenye boma moja Chwele saa tatu nzima. Na wateja wa Bungoma wamethibitisha mzigo umefika. Hajawahi kuona mfanyakazi kama mimi, aliyefiwa na bado akapeleka mbegu.

Nilichukua kidude kwa Mukhisa, na nilipofika nyumbani Mama Kadija aliuliza ni nani ametutoka. Ningejibu nini? Nyanya nimeshamzika mara mbili tangu niajiriwe. Nikasema Mjomba Wakoli wa Chwele. Rispah akanitazama. Alikuwa ameongea na mjomba kwa simu asubuhi.

Mama Kadija akasema zile alama 12 ni machungu ya msiba, hazihesabiwi. Canter ni yangu, ufunguo nitapewa kesho mbele ya wote. Makokha mwenyewe alikuja, akavua glavu, akanishika mkono. Niliona haya kidogo. Lakini Canter!

Ijumaa, 11 Aprili

Mama Kadija alitoka msikitini, akatukusanya dukani. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Nilikuwa nimenyoosha mkono wangu. Ndipo Mjomba Wakoli akaingia kununua mbegu za mahindi, eti mvua imekubali. Akanikumbatia kwa nguvu.

Mama Kadija akauliza mzee huyu ni nani. Nilikohoa. Mjomba akajitambulisha mwenyewe, jina lote na kijiji. Kisha mpima mbegu wa dukani akamweleza kwamba amezikwa jana.

"Ati nilikufa?" akauliza. "Na nani alilia?"

Akaambiwa ni Mama Kadija, tena alileta sukari na mchele. Akamshukuru kwa dhati, kofia mkononi, kisha akauliza kama ile sukari imeisha.

Nilisema yote, hata ile kwaya. Ufunguo ukaenda kwa Makokha. Mama Kadija akasema Jumatatu atapanda nami hadi Bungoma. Safari hiyo ikimchukiza, nitaiacha pikapu huko na kazi pia. Sijala chakula cha jioni. Naipenda hii kazi, hata na mvua inayonidondokea kichwani.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama Kadija alikaa kiti cha abiria, mkoba mapajani. Niliendesha kama niliyebeba mayai. Ng'ombe niliwaona mapema, nikawasubiri. Matuta niliyapanda taratibu. Tulipofika Kiminini alikuwa amelala, na hakuamka mpaka Webuye! Tulifika Bungoma wateja ndio kwanza wanafungua.

Alama: 95. Makokha hajawahi kuzipata.

Mama Kadija aliniangalia akasema, "Kumbe gari unajua, Job. Shida yako ni akili nyingi." Canter ya pili inakuja Septemba. Hesabu inaanza upya kesho, na mimi nimo! Nilitaka kulia.

Njia nzima ya kurudi nimewaza sababu ya 95. Dereva ni yule yule. Pikapu ni ile ile. Barabara haijabadilika. Kilichobadilika ni kiti cha abiria tu. Sasa nimeelewa: kidude kinamwogopa mwenye mali!

Amesahau shali yake kitini. Kesho naweka hapo gunia la mbegu la kilo hamsini, nalifunga mkanda, nalivika shali. Makokha atajua hajui.