Malalamiko Juu ya Ukuta wa Ndiva na Sikukuu ya Shule

Milimani, juu ya Makanya
Machi 19, 1953

Kwa Mwalimu Koleta,
Mkuu wa Shule ya Wasichana

Mwalimu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wenzako. Mimi mwili wangu hauna neno. Kinachoumwa ni heshima yangu, na ugonjwa huo umetoka shuleni kwako.

Nalalamikia sikukuu mliyofanya Jumamosi, ya kukaribisha majira ya kuchipua na kukumbuka historia ya wanawake.

1. Kuhusu kuchipua. Bibi Mkaguzi ametoka Ulaya, ambako naambiwa mwezi Machi miti huota majani. Sisi huku bado tunaitazamia masika, kwa hiyo wasichana walilazimika kufunga maua ya karatasi kwenye mti wa kahawa. Mbuzi wa mchungaji wa kanisa akayala yote, Bibi Mkaguzi akitazama. Hilo nimelisamehe.

2. Kuhusu historia. Mliwaagiza wasichana waulize nyumbani wanawake walifanya nini zamani. Binti yangu Priska hakuniuliza mimi mwenye nyumba. Alimwuliza mama yake, Rogathe. Kisha akasimama mbele ya mchungaji na wazee wote, akasimulia jinsi mvua ya mwaka arobaini na mbili ilivyotoboa ukuta wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Alisema wanawake tisa waliingia kwenye tope hadi kifuani wakaziba kwa mawe na migomba, na mama yake akasimama penye tundu tangu adhuhuri hadi jua likazama. Mzee Gideoni akamwuliza baba yake alikuwa wapi.

Mtoto akajibu, "Baba alikuwa ndani. Jino lilikuwa linamuuma."

Mwalimu, kwa miaka kumi na moja wazee walijua kwamba ukuta ule niliuziba mimi, wakanipa kazi ya kugawa zamu za maji. Wala sikuwahi kudanganya. Nilikuwa nasema "tuliziba", basi, wao wakamalizia wenyewe.

3. Nilipomwuliza Rogathe kwa nini amenisema, aliendelea kupepeta maharage yake. "Sikukusema," akaniambia. "Mtoto aliuliza nani alikuwepo, nikawataja waliokuwepo."

4. Jumanne wazee walikutana, wakaniondoa na kumpa Rogathe kazi ya kugawa zamu za maji. Sasa shamba langu linapata maji Alhamisi, baada ya wajane wote. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mumewe. Alisema hilo analijua, na kwamba siku yangu ni Alhamisi.

5. Kwa hiyo naomba historia hii iandikwe upya na mtu aliyekuwa ndani. Aliyezama hadi kifuani ataona nini zaidi ya tope? Mimi dirishani niliona bonde lote, tena nikiwa mkavu na akili imetulia. Shahidi bora kuliko mimi hayupo. Hilo likishindikana, fanyeni sikukuu ya historia ya wanaume, mwezi wowote mtakaoona unafaa. Tuulizwe sisi wenyewe, na wake zetu wasialikwe.

Nisalimie walimu wote, wasichana wa darasa la tatu, Bibi Mkaguzi, na mchungaji pamoja na mbuzi wake, ambaye sina ugomvi naye.

Ni mimi, mzazi mwenye masikitiko,
Asheri wa Hezroni

Baada ya sahihi: Kuna jambo Priska hakulisimulia, nadhani mama yake hakumwambia. Rogathe aliporudi jioni ile, vidole vilikuwa vimevimba na kuchubuka, hawezi kushika hata kijiko. Nilimlisha uji kwa mkono wangu siku sita, naye hakulia hata mara moja. Niliyelia ni mimi. Kama mnayaandika haya kwenye daftari la shule, andikeni na hilo, kwamba hakulia. Jina langu si lazima.

A.