Kengele ya Pito na Kompyuta ya Padre

Jumatatu, Agosti 8, 2005

Leo nimeumbuliwa na televisheni isiyoonyesha hata mpira. Ndiyo hiyo kompyuta mpya ya parokia yetu ya Pito. Nimepiga kengele ya saa sita mchana kama ninavyoipiga tangu mwaka sabini na nane, kamba haijatulia, Padre Flavian akaniita ofisini. Akanionyesha kona ya chini ya kioo: kumi na mbili na dakika kumi na nne. Saa za Kizungu nazijua, unatoa sita. Taabu ni zile kumi na nne. Padre akasema kengele yangu imechelewa. Nikamwambia labda mashine imewahi. Bertilla, karani wake, akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Kuchelewa kutoka wapi? Saa yangu ya ukutani naiweka sawa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Bundala anapopiga honi kuondoa basi lake kwenda Milepa. Bundala hajawahi kumsubiri abiria, hata mama yake.

Hukumu ya Padre: Jumatatu ijayo ni Kupalizwa Mbinguni, sikukuu ya parokia yetu, wageni wanatoka jimboni. Kengele na kompyuta zisipolingana kufikia Jumamosi, kamba anapewa Bertilla. Miaka ishirini na saba nimevuta kamba ile. Bertilla hata ndoo ya kisimani inamshinda.

Nimetafakari wakati wa ugali. Padre hakusema nani amfuate nani. Alisema zilingane tu.

Jumanne, Agosti 9

Anayefagia ofisi ni mimi. Saa sita ikikaribia Bertilla akatoka kunywa chai, nikaegesha ufagio. Nimesoma darasa la tano tu, lakini macho yangu yaliendelea na masomo. Nilishamwona akibonyeza ile saa mara mbili, kinafunguka kidirisha. Nikabonyeza. Kikafunguka. Nikarudisha nyuma dakika kumi na nne. Nikaongeza na moja ya akiba, halafu nikaitoa, tusiwe na tamaa.

Saa sita nilivuta kamba huku nacheka peke yangu. Padre akachungulia kioo, akachungulia mnara, akarudi mezani. Nyumbani mke wangu Fortunata akauliza kwa nini napiga mluzi kama kijana anayeposa. Nikamwambia nimemfundisha Mzungu saa.

Jumatano, Agosti 10

Mashine imerudi kulekule. Saa tatu nikairekebisha, saa nne imejirudisha. Nikarekebisha tena, nikaketi kuivizia. Bertilla yuko nje na chai yake, ofisini nipo mimi na picha ya Papa. Dakika zikaruka zenyewe mbele ya macho yangu. Nikafanya ishara ya msalaba.

Kwa bahati akafika Yonas, fundi wa kompyuta wa Sumbawanga mjini, kubadilisha wino wa printa. Akanipa shikamoo, nikampa maswali kwa kuzungukazunguka. Akasema, mzee, hii haijui saa, inauliza. Kila baada ya saa moja inatuma swali kupitia lile dishi nyuma ya ofisi, kwa kompyuta kubwa yake huko mbali. Hiyo nayo ina kubwa yake, mpaka juu kabisa wanakojua. Hata muda ambao swali limetumia kwenda na jibu kurudi inauhesabu na kuutoa. Nikauliza huyo wa juu kabisa anamuuliza nani. Akasema hamuulizi mtu. Nikamwambia basi ni ndugu wa mwenyekiti wetu wa kijiji.

Nilichotaka nimekipata. Mwenye kuuliza, ukimziba masikio, atamsikiliza aliye karibu.

Alhamisi, Agosti 11

Nimeloweka blanketi letu zito nikalianika juu ya dishi. Bertilla akauliza kwa nini sianiki kwenye kamba kama wanadamu wengine. Nikamwambia hapo ndipo jua la Agosti linapofika.

Dishi likawa bubu. Nikarudisha dakika zangu, zikatulia kama kuku anayeatamia. Saa sita tulilingana, mimi na mashine, kwa nukta. Padre akanipa mkono. Kweli, barua pepe yake kwa wafadhili imegoma kuondoka, lakini mimi ni mtu wa kengele, si wa posta.

Fortunata amelitafuta blanketi nyumba nzima. Kwa baridi hii ya Ufipa amenitazama kama anayeanza kuelewa.

Ijumaa, Agosti 12

Siku tamu. Umeme ulikatika saa mbili, ukarudi saa tatu, na mashine ikaamka ikasema leo ni tarehe mosi Januari 2002. Kumbe betri yake ndogo ya ndani ilishakufa! Kila umeme ukirudi inaamka mjinga, inawauliza wakubwa chapchap, halafu inatukalia kama msomi. Leo wakubwa hawasikiki, blanketi bado bichi. Nilicheka nikishikilia meza.

Nikaweka saa na dakika zangu. Mwaka sikuugusa, kengele haina mwaka.

Padre alikuwa kanisani akifungisha ndoa ya Abel na Monika. Mtoto wao wa miaka miwili alitembea mwenyewe mpaka altareni. Bertilla akawachapia cheti, tarehe mashine hujaza yenyewe.

Jioni mama yake Monika amekuja kwangu na jogoo. Kwa mujibu wa cheti, wamefunga ndoa miaka mitatu iliyopita, na mjukuu wake amezaliwa ndani ya ndoa, safi kabisa. Amesikia mwenye saa ni mimi. Sikukana. Jogoo alikuwa mzito.

Jumamosi, Agosti 13

Asubuhi watu saba wamepanga foleni ofisini na vyeti vyao, wanaomba ndoa zao zirudishwe nyuma. Mmoja anataka yake irudishwe mpaka siku ambayo hajaoa. Padre akaelewa. Akaenda nyuma ya ofisi, akarudi na blanketi mkononi. Cheti cha Monika kitaandikwa upya. Jogoo haandikiki upya, yuko chunguni.

Padre hakufoka. Aliuliza tu, mzee Nestory, wewe saa unaitoa wapi? Nikamwambia kwa honi ya Bundala. Bundala akaitwa, akaja na kofia yake ya Kisukuma, akaulizwa yeye anaitoa wapi. Akashangaa. Kwa kengele ya mzee huyu, Padre. Nikirudi kutoka Milepa naisikia ya saa kumi na mbili jioni, naweka saa yangu ya mkononi. Kengele ya kanisa itadanganya?

Padre akaketi. Bertilla ndiye aliyemaliza hesabu: saa ya mzee inapoteza nukta mbili tatu kwa mwezi, Bundala anazipokea, anamrudishia kesho yake, na hivyo wameivuta Pito nzima nyuma dakika kumi na nne, kwa heshima kabisa. Padre alicheka mpaka akavua miwani. Bundala akanigeukia, mzee umenichelewesha Milepa miaka yote hii. Nikamwambia wewe umenichelewesha mbinguni.

Kamba ninabaki nayo. Sharti moja: kabla ya kila kengele nimwombe Bertilla anionyeshe kompyuta. Nimeapa mbele yao wote.

Jumatatu, Agosti 15

Nimetazama kompyuta, nimepiga. Wageni wa jimbo wameingia kengele ikilia, wamesifu. Nusu ya Pito wamefika Padre akisoma Injili, wakanikodolea macho mimi. Mzee mmoja akasema kengele ya zamani ilikuwa na utu. Nimekubaliana naye.

Jumanne, Agosti 16

Mara tatu kwa siku kumwomba Bertilla saa! Ananiita mwanafunzi. Haiwezekani.

Wakati wa chai yake nimekifungua tena kile kidirisha. Ndani kabisa kuna kisanduku chenye jina la kompyuta inayoulizwa. Nimelifuta. Kwa kidole kimoja nimeandika NESTORY MPIGA KENGELE PITO, nikabonyeza. Mashine ikawaza, kisha ikatoa maneno ya Kiingereza, marefu kidogo. Nadhani ni shukrani.

Nimeketi kwenye ngazi ya ofisi, saa yangu ya ukutani nimeipakata, ikiuliza nijibu bila kuchelewa. Muda wa swali kufika hapa ngazini nimeshautoa. Mpaka sasa haijauliza. Inaona aibu, hatujazoeana. Lakini jibu ninalo, la uhakika: nimeliweka asubuhi hii kwa honi ya Bundala.