Ngoeko ya Faibaglasi kwa Mzee Nyange

Jumamosi, 2 Agosti 2025. Mtambile.
Nimepata! Mzee Nyange, babake Mwatum, analalamika kwamba vijana siku hizi wanaogopa kupanda mikarafuu mirefu. Nitamtengenezea ngoeko, ule mti wa kulabu wa kuvutia matawi, ya mirija ya faibaglasi, ndefu hata mtu asipande. Posa yangu iko kwake. Ya Fahmi fundi umeme nayo iko. Mzee kasema jibu ni Ijumaa, baada ya sala. Fahmi ana kazi, pikipiki na adabu. Mimi nina akili.

Jumatatu, 4 Agosti.
Nimekwenda mjini Chake Chake. Muuza duka kanionesha mirija yenye kuta nene, akasema kwa urefu ninaoutaka ile myembamba itapinda. Nimechukua myembamba. Ni myekundu! Mwatum anapenda nyekundu. Njiani nikakutana na Fahmi. Eti nizungushe tepu pale pa kukata, nilowanishe, nivae barakoa na glavu. Wivu mtupu.

Jumanne, 5 Agosti.
Nimeikatia mirija uani kwa Mzee Nyange, aone bidii. Tepu sikutia, maji sikutia. Ncha zikachanika nyuzinyuzi, nikazipiga msasa. Vumbi jeupe, jepesi, zuri hata. Upepo ukalichukua likatua kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Si kitu. Alasiri Mwatum na mamake wakaja kuanua, wakazizoa kwa mikono. Mwatum akanitabasamia! Nimerudi nyumbani sijioni kwa furaha.

Jumatano, 6 Agosti.
Nawashwa shingo, mikono, mpaka pasipotajika. Kwa Mzee Nyange nyumba nzima inajikuna. Mama Mwatum anasema ni upupu. Mzee anasema ni jicho la watu. Kaitwa shehe kusoma dua. Nikaenda nami, nikaitikia amina kuliko wote. Kisha nikamnong'oneza Mzee kwamba hasidi huenda ana pikipiki. Mwatum akaiangalia mikono yangu kwa muda. Sikuupenda mtazamo ule.

Ijumaa, 8 Agosti.
Balaa! Baada ya sala tumekwenda kusikiliza jibu, mimi na Fahmi. Nikaona kwanza niwaoneshe ngoeko. Nikaiinua kwenye mkarafuu wa uani. Ikapinda kama tambi. Kulabu ikanasa juu, nikavuta kwa nguvu zote, tawi zima likaja chini na karafuu zake. Mkarafuu alioupanda babu yake Mzee! Kwetu afadhali uvunje mguu wa mtu. Fahmi akapitisha kidole kwenye ncha ya mrija, akamwonesha Mzee vumbi, eti ndilo linalowasha. Mzee akatazama mrija, akatazama majamvi, akatazama mikono ya mkewe. Akasema karafuu zile zikamwagwe. Kisha akasema Mwatum ataolewa na Fahmi. Mwatum hakuniangalia. Nimelia, sifichi. Nampenda yule binti.

Jumapili, 10 Agosti.
Harusi ni mwezi ujao. Nimekaa nikafikiri, nimeliona kosa langu. Ni rangi! Nyekundu inavuta hasadi. Nimempelekea Mzee Nyange ujumbe kwamba nitawajengea banda la harusi, zawadi yangu, nguzo za faibaglasi ya kijani. Hajajibu. Kunyamaza ni kuridhia. Nitachukua mirija myembamba tena, haichoshi kubeba. Nitaikatia uani kwao, pale akina mama watakapokaa kuchagua mchele wa pilau. Pana kivuli kizuri.