Kibodi Iliyokataa Herufi A

Jumatatu, 4 Agosti

Nina hasira! Naandika haya kwa kalamu kwa sababu kompyuta ni mnafiki.

Kisima kimekauka. Mimi ndiye katibu wa kamati ya maji ya kijiji, na barua ya kuomba tanki lazima iondoke na meli ya Ijumaa kwenda mji mkuu, Suva. Meli nyingine ni mwezi ujao. Nikakaa, nikaandika kwa heshima zote: "Tun omb t nki l m ji." Kibodi imekataa herufi A! Nikabonyeza kwa upole. Nikabonyeza kwa ukali. Nikapiga ngumi. A ikaja, na sasa haitaki kuondoka: aaaaaaaaaa mpaka chini ya ukurasa.

Binamu yangu Maciu akapita dirishani, akachungulia. "Binamu, hiyo ni barua au umekanyaga msumari?" Kicheko chake kilisikika hadi kanisani. Huyu ana kompyuta mpya, binti yake kamletea kutoka Brisbane, na anautaka ukatibu wangu. Nani asiyejua?

Mke wangu Litia kasema niandike barua kwa mkono, kalamu si ipo? Kwa mkono! Mimi niliyesimama mbele ya kijiji kizima nikaapa kwamba mashine hii kongwe bado ina nguvu kuliko za vijana! Bora tufe kiu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeipindua kibodi na kuikung'uta. Zimeanguka chembe za muhogo, sisimizi wazima, sisimizi marehemu, na jino la kitana. Kumbe uchafu! Dawa rahisi. Nikaichovya kwenye beseni la maji ya sabuni, nikaisugua kwa mswaki, nikaianika juani.

Litia akauliza maji yale nimeyatoa wapi. Nikamwambia maendeleo yana gharama. Yalikuwa maji yake ya kupikia. Hakuna chakula cha jioni.

Nimeichomeka. Hata A haiji. Hata Z haiji. Imekufa ikiwa safi.

Jumatano, 6 Agosti

Dukani kwa Bi Kelera kuna kompyuta mbovu, imefunikwa kitambaa cha maua na juu yake amepanga makopo ya nyama. Kibodi na kipanya chake vinaoza bure. Nimeviazima. Bi Kelera hakuwepo, kwa hiyo hakukataa.

Plagi zake ni za duara, zina pini ndogondogo. Nyuma ya kompyuta yangu kuna matundu mawili kama mapacha, moja zambarau, moja kijani. Rangi za urembo tu. Nikasukuma. Ikagoma. Nikasukuma kwa goti. Ikaingia! Kompyuta wakati huo ilikuwa inawaka, maana mimi si mtu wa kupoteza muda. Kioo kikaganda. Nikazima, nikawasha. Ikaniandikia: Kibodi haionekani. Bonyeza kitufe chochote kuendelea.

Kitufe kipi, mpumbavu wewe, kama kibodi huioni? Nikabonyeza kifungo cha shati langu. Haikusaidia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegundua! Kuna mtu ameihujumu. Nikaenda moja kwa moja penye bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, wazee wote wamekaa mkekani, nikamwambia Maciu waziwazi kwamba ameingia nyumbani kwangu kuchokoa nyaya. Aliyekuwa anateka kinywaji akasahau mkono hewani. Nilitegemea Maciu aruke, tushikane. Akaweka kifuu chake chini, akasema, "Twende tukaone, binamu. Hata wajukuu zangu wanataka kunywa maji."

Tusi lisingeniuma vile.

Nusu ya kijiji ikatufuata. Maciu akazima kompyuta kwanza. Akachomoa kila kitu, akawaonyesha watu: plagi ya zambarau kwenye tundu la kijani, ya kijani kwenye la zambarau. Wakacheka mpaka wakaegemeana. Pini moja ilikuwa imelala, akainyoosha kwa sindano ya Litia. Akafungua tumbo la kipanya, akatoa gololi yake, akabandua utandu wa taka humo ndani. Kila plagi kwenye rangi yake. Akawasha. A ikaja moja. Moja tu, kama mtu mstaarabu.

"Andika basi, binamu," akasema. "Wewe ndiye katibu."

Bi Kelera akaitambua kibodi yake, akaniita mwizi, kisha akasema nimalize barua kwanza.

Ijumaa, 8 Agosti

Barua imeondoka. Mwishoni nimemshukuru katibu kwa ujuzi wake wa mitambo. Maciu sikumtaja, nafasi haikutosha. Pamebaki nusu ukurasa mweupe.

Jumamosi, 20 Septemba

Tanki limefika! Jeusi, kubwa, na meli imelijaza maji kabisa. Watu wamelia kwa furaha. Halafu mkutano ukamchagua Maciu kuwa katibu. Mikono yote juu, hata wa Litia! Mimi wakanihurumia, wakanipa ulinzi wa bomba.

Wamekosea. Katibu ana karatasi, mimi nina maji. Mara moja nikafunga bomba kwa kufuli. Anayetaka kunywa apige hodi kwangu, na aanze na salamu ndefu.

Alasiri ufunguo umevunjikia ndani. Foleni ya ndoo imefika kanisani na wanaliita jina langu kwa sauti isiyo ya Kikristo. Sitoki. Kufuli zuri namna ile haliharibiki lenyewe. Nimechungulia dirishani: Maciu yuko mwisho wa foleni, ameshika ndoo, amenyamaza tu.

Mtu asiye na hatia hawezi kunyamaza hivyo.