Presha ya Wahabu

Jumatatu, 4 Agosti 1969
Leo nimesimamisha lori mara saba kati ya Katunguru na Bwera. Mara saba! Kila kichaka cha njia ile sasa kinanijua. Samaki wamefika wamelegea, akina mama wa sokoni wameziba pua. Danieri, mwenye samaki, amenisema mbele ya watu: "Wahabu, samaki yangu inaoza, wewe iko nakojoa njia yote!" Amenipa hadi Jumamosi. Nisipopona, mzigo unaenda kwa Mahmood. Mahmood! Dereva asiyejua kurudi nyuma bila kugonga ukuta! Samaki hao nimewabeba miaka kumi na moja. Nikiwakosa, lori litakuwa banda la kuku. Mke wangu Mastula ameshalipima kwa macho. Sikubali. Nitapona.

Jumanne, 5 Agosti
Hospitali, Kasese. Kuna Daktari Omara, amekuja na chombo chake kutoka Kampala kwa wiki moja tu. Mpira mwembamba unaingizwa (sitaandika wapi) mpaka kwenye kibofu. Kibofu kinajazwa maji polepole. Kikibana, maji yanapanda kwenye bomba la kioo lililosimama kando ya rula, na daktari anasoma presha. Nimecheka. Presha! Mimi najaza matairi tangu enzi za Waingereza. Nimemwambia kwa hilo asinifundishe. Akasema nirudi Alhamisi.

Jumatano, 6 Agosti
Hotelini kwa Saudah nimemkuta Mahmood akijigamba. Kumbe naye amepimwa! Presha yake haikufika thelathini, na daktari amempa mkono akamwambia aende zake. Thelathini! Nimemaliza chai yangu ya tano kwa furaha. Thelathini ni tairi la gari ndogo. Tairi la lori halikubali chini ya themanini. Danieri akiletewa mtu wa thelathini na mtu wa themanini, mzigo atampa nani? Jibu ninalo.

Alhamisi, 7 Agosti
Ushindi! Sista Eseri, muuguzi wa daktari, aliniagiza nilale nimelegea, nisijikaze, nikibanwa niseme. Mpira uliuma, sifichi. Niliita marehemu wote wa ukoo wetu. Maji yalipoanza kuingia, nikabana pumzi na kukaza tumbo kama nasukuma lori kwenye matope. Ishirini. Hamsini. Tisini. Mia! Maji yakaruka juu ya kioo, yakamwagikia miwani ya daktari. Akaniuliza kama nilijikaza. Nikasema ndivyo nilivyoumbwa. Akaandika sana. Sidhani Mahmood aliandikiwa hivyo. Nimeomba barua ya kumpelekea Danieri, nimepewa, ya Kiingereza kitupu. Siwezi kuisoma lakini ni ndefu, na hilo linatosha.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimempa Danieri barua pale Katunguru, wavuvi wote wakitazama. Nikamwomba aisome kwa sauti. Akasoma na kuwafasiria. Presha ya kutisha. Njia ya mkojo huenda imeziba. Asiendeshe gari. Apelekwe Kampala, huenda akapasuliwa.

Wavuvi wawili wamenipa pole kama nimefiwa. Danieri hakungoja hata Jumamosi, amemwita Mahmood palepale.

Nikarudi mbio hospitali kukiri. Sista Eseri alicheka mpaka akakaa chini. Daktari hakucheka. Amesema kibofu si tairi, kikijazwa maji presha ndogo ndiyo nzuri. Kipimo changu hakifai kitu, na atanipima upya akirudi mwezi ujao. Kisha akaniuliza nakunywa chai vikombe vingapi kwa siku. Nikamwambia kumi na vinne. Akaandika tena. Sijui chai inahusu nini.

Jumamosi, 9 Agosti
Mahmood amepita na samaki wangu. Akapiga honi! Mastula ameshaingiza kuku wawili ndani ya lori. Imeniuma, nimejificha nyuma ya gurudumu nikafuta machozi. Mbele ya kuku sitaki kuonekana.

Baadaye nimekwenda kwa Saudah kufikiri. Vikombe sita. Sasa kosa langu nimeliona wazi: nilishindana kwenda juu, kumbe ushindi uko chini. Danieri mwenyewe ataona. Mahmood ana karibu thelathini. Mwezi ujao mimi napata sifuri, iwe isiwe. Nimeagiza kikombe cha saba nipange vizuri.