Kilo Thelathini na Moja za Kilian

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Studio yangu imebakiza siku kumi na mbili za kuishi. Dada Kunigunda kapita asubuhi, hata chai hakunywa. Kasema kompyuta ni yake, aliinunua kwa ajili ya steshenari yake, na mimi aliniazima kwa wiki mbili, mwaka juzi. Albamu ya kwaya isipozinduliwa vizuri tarehe kumi na tano, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa, anakuja na mkokoteni kuichukua. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Wa kwangu unatosha watu wawili.

Tatizo ni moja. Wimbo haufiki mwisho. Ukiingia ubeti wa pili mashine inakoroma, inakatakata sauti, inaganda. Hata CD haichomeki. Sababu naijua vizuri: mwangwi. Kila sauti nimeimwagia mwangwi kama watu wako ndani ya pango. Lakini mwenyekiti wa kwaya, Mama Ottilia, hana haja ya kulijua hilo.

Jumanne, 4 Agosti

Ugunduzi! Kwenye programu kuna kidirisha sijawahi kukifungua. Kila mwimbaji ana treki yake, yaani rekodi ya sauti yake peke yake, na kidirisha kinazipanga treki zote kwa majina, na pembeni ya kila jina asilimia ya prosesa, ubongo wa mashine, inayoliwa na treki hiyo. Yaani mashine inamtaja mlafi hadharani!

Papo hapo nikamkumbuka Kilian, fundi cherehani, sauti ya nne. Huyu ndiye aliyeninyang'anya kuanzisha "Aleluya". Kwaya ilipiga kura, ishirini na tatu kwa moja. Ile moja naijua ilikotoka.

Nikaanza kazi. Treki ya Kilian nimeibebesha miangwi mitano na vichujio vinne, halafu vyote nimevishusha hadi sifuri. Havisikiki hata kidogo, ila prosesa inavibeba. Wenzake wana mbili, tatu. Kilian kapanda hadi thelathini na moja. Kesho nitawaonyesha wanakwaya nani anaiua albamu yao. Wakimtoa yeye, Aleluya inarudi kwa mwenyewe. Nimelala mchana kwa raha.

Jumatano, 5 Agosti

Kikao kimefanyika hapa hapa studio, wengine wamesimama nje dirishani. Nimetoa hotuba fupi yenye huzuni. Nimesema simlaumu mtu, mashine ndiyo inayosema, kisha nikafungua kidirisha na kushika kichwa.

Hapo akasogea Mzee Protasi, sauti ya tatu, karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Kavaa miwani. Kasoma jina moja moja kwa sauti, kama anavyosoma siku ya kupokea kahawa. Ottilia, tatu. Vitalia, mbili. Protasi, tatu. Kilian, thelathini na moja. Kavua miwani. Kampa Kilian mkono.

"Hongera, mwanangu. Wewe ndiye umeleta mzigo."

Watu wakapiga vigelegele! Nimejaribu kueleza kwamba hapa uzito ni ubaya. Nani anisikilize? Hawa ni watu wa Mbinga, tangu wazaliwe hawajaona mizani ambayo mwenye kilo nyingi ndiye mkosaji. Kilian mwenyewe kaona haya, kasema labda mashine imekosea. Unyenyekevu wake umenichefua. Kikao kimepitisha kwamba picha yake itakaa mbele ya kasha la CD, peke yake.

Ijumaa, 7 Agosti

Foleni mlangoni tangu saa moja. Kila mtu anataka kilo zake ziongezeke. Vitalia kaleta kisado cha usipa wakavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, kutoka kwa shangazi yake kule ziwani, kaniuliza kwa upole kama sauti yake haiwezi kufika hata kumi. Imefika kumi na mbili. Mama Ottilia hakuleta kitu, kaniangalia tu. Nimempa kumi na nne kwa hofu. Mzee Protasi nimempa tisa. Shikamoo yangu aliiitikia kwa mguno, nikamwongezea moja.

Nani kasema sina roho nzuri? Ila sasa mashine inachemka, unaweza kukaangia usipa juu yake. Wimbo haumalizi hata ubeti wa kwanza.

Jambo moja naliandika hapa tu. Chini kabisa ya orodha, nje ya kioo, mahali ambapo lazima ushushe ukurasa ndipo uone, kuna treki yangu mwenyewe. Nimejirekodi nikiimba Aleluya yote, nikajirudufu mara nne. Hiyo siwezi kuipunguza. Ndiyo roho ya albamu.

Jumatatu, 10 Agosti

Kilian kaja kuniletea suruali niliyompa atengeneze zipu. Kaiona mashine inavyohema, akauliza kwa nini inapata taabu. Nikamjibu kitaalamu ili asielewe. Akaelewa. Akasema yeye akishapiga pasi marinda ya sketi haendelei kushikilia pasi hapo kutwa nzima, marinda yanabaki yenyewe. Je, huo mwangwi hauwezi kupigwa pasi mara moja ukabaki ndani ya sauti, mashine ikapumzika?

Nimecheka sana. Nimemwambia arudi kwenye vitambaa vyake.

Jumanne, 11 Agosti

Kipo kitufe cha kugandisha treki. Kinafanya kile kile alichosema fundi. Sitamwambia. Nimegandisha wote, sauti haijabadilika hata chembe, na kila mmoja kashuka hadi asilimia moja. Wimbo umefika mwisho! Nimepiga magoti mbele ya mashine, nikalia kidogo. Studio imepona. CD nitazichoma kesho.

Yangu sijaigandisha. Huenda nikataka kuongeza kitu.

Jumatano, 12 Agosti

Balaa! Mzee Protasi kapita "kuangalia mizani". Kakuta moja, moja, moja, hadi Kilian. Kaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, na saa nane studio imejaa. Mama Ottilia kasema tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia Mbinga ameshapunjwa kwa mizani za kila aina, ila hakutegemea kupunjwa na mtoto aliyembeba mgongoni. Vitalia kataka usipa wake, nami nilishawala.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: wimbo umepona. Ningewasikilizisha tu, yangeisha. Lakini ili wanielewe ingebidi nikiri kwamba zile kilo niliziweka mimi, na za Kilian niliziweka kwa nini. Basi nikagandua treki zote mbele yao. Kilo zikarudi, watu wakatulia, Mzee Protasi akaniita mwanangu tena.

Nikapanga kugandisha tena wakiondoka. Hawakuondoka. Wamepanga zamu ya kulinda mizani hadi siku yenyewe. Leo yuko Mzee Protasi, kakaa mlangoni na redio yake.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimeandika haya nyuma ya lori.

Uzinduzi ulikuwa kwenye kigango, kanisa dogo la ziwani, karibu na Mbamba Bay, kwa wenyeji wetu wa kule chini. CD hakuna, kwa hiyo kompyuta imeshuka nasi mlima wote imefungwa kwenye godoro, Mama Ottilia kaikumbatia. Jenereta likawashwa. Spika mbili kubwa. Mbele kabisa Dada Kunigunda, mkoba mapajani.

Mstari wa kwanza, salama. Wa pili, mashine ikakoroma. Sauti zikakatika vipande vipande, wenyeji wakaangaliana. Jasho likanitoka. Nikawaza haraka: zima mwenye mzigo mkubwa! Nikamzima Kilian. Bado. Mama Ottilia. Bado. Vitalia, Protasi, mmoja baada ya mwingine, wote. Ghafla mashine ikatulia, na juu ya maji yote ya Nyasa ikatoka sauti moja tu. Yangu. Mara tano. "Aleluya-luya-luya-luya." Ilipanda pale ambapo siwezi kupanda, ikakwama hapo. Mtoto mmoja akalia.

Dada Kunigunda akaja taratibu, akashika kipanya, akashusha ukurasa. Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma notisi: Pankras, arobaini na nne.

Mzee Protasi hakunikaripia. Alikuwa na huzuni kweli.

"Karani hajipimii kahawa yake mwenyewe," akasema.

Kisha Kilian akavuta pumzi na kuanzisha Aleluya bila mashine, bila mwangwi, bila mimi. Kwaya ikamdaka. Nilikuwa sijawahi kuwasikia hivyo, maana kila siku nilikuwa nawasikia kupitia madude yangu. Wenyeji wakasimama, akina mama wakacheza hadi mchangani, wakaomba urudiwe mara tatu. Nikataka kuitikia, nikaona aibu, nikakunja nyaya.

Kurudi, kompyuta imekaa mapajani kwa Dada Kunigunda.

Jumatano, 19 Agosti

Studio imekufa. Mimi niko steshenari, nachapa mitihani ya majaribio ya darasa la nne. Dada kanipa kiti chenye miguu mitatu na nusu. Kilian kapita kutoa kopi, kanisalimia vizuri kabisa, kaniambia kwaya haina kinyongo, mazoezi ni Alhamisi, nikaribie sauti ya nne. Ukarimu wa kunidhalilisha huo. Nimemwambia nitaangalia ratiba yangu.

Nimetafakari kwa kina kosa lilikuwa wapi. Nimelipata: watu walikuwa wengi mno.

Mchana dada kaenda sokoni. Nikakifungua kile kidirisha, nione tu. Kuchapa mtihani kunakula asilimia mbili. Mbili! Tisini na nane zimekaa bure, kutwa nzima, na hakuna mtu wa kuzilinda. Maikrofoni ilikuwa mfukoni mwangu kwa bahati.

Nimeanza na sauti yangu peke yake, nyuma ya swali la tano la Hisabati. Na mwangwi kidogo.