Boti Yenye Feni Katika Bwawa la Msimbu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Tangazo kanisani leo. Kwaya ya akina mama wa usharika wetu hapa Mkuza itakwenda kupunga upepo bwawani Msimbu, siku ya Nane Nane. Watapanda boti. Moyo ukaruka. Nina boti! Ipo kule kule Msimbu, imekaa juu ya matofali tangu mwaka juzi, inasubiri watalii.

Kisha tangazo likaendelea. Watapanda boti ya Hamidu.

Hamidu! Boti ya makasia, wazi kama sinia, abiria wanashuka wamebabuka. Lakini ana maboya na anajua kutabasamu, basi Msimbu nzima inamwita Nahodha. Mimi wananiita Mzee Kambare, kwa sababu ya kambare niliowafuga, wakalana wenyewe kwa wenyewe mpaka akabaki mmoja. Na huyo mmoja akafa.

Elinipa, mke wangu, ni katibu wa kwaya. Nimemwomba anisemee. Akauliza boti yangu ina nini ambacho ya Hamidu haina. Nikajibu bila kufikiri: feni, muziki na soda baridi. Akacheka mpaka akakaa chini. Tutaona.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekubaliwa! Mama Matilda, mwenyekiti wa kwaya, hapendi jua. Soda baridi ndiyo iliyommaliza kabisa.

Sasa feni inataka umeme. Nimekwenda kwa jirani yangu Leodegar, anayekodisha vyombo vya sherehe. Ameniazima jenereta dogo. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni: picha ya nyumba, imepigwa msalaba mwekundu. Akasema maana yake lisiwashwe ndani, linaua. Nikamwambia hiyo ni nyumba, mimi nina boti. Akanitazama sana. Nilimshinda.

Alhamisi, 7 Agosti

Majaribio bwawani. Balaa tupu.

Nililiweka jenereta nyuma, pembeni ya injini. Kelele kama mashine ya kusaga! Hamidu alikuwa ufukweni anapaka boti yake rangi. Akaniuliza kwa heshima zote kama nimekuja kusaga mahindi ya kijiji. Watu wakacheka. Maji nayo yakarukia jenereta, likakohoa, likazima.

Nikapata wazo. Nimelihamishia ndani, chini ya benchi la mwisho. Nimelizungushia godoro bovu kuzuia kelele. Turubai la paa nimeliteremsha pande zote na kulifunga kwa kamba. Sasa ukiwa nje unasikia mngurumo mdogo tu, kama mzee anayekoroma. Safi!

Elinipa aliuliza moshi utatokea wapi. Nikamwambia jenereta ni jipya, moshi wake hauonekani. Na feni ipo, itausukuma. Akasema, "Itausukuma kwenda wapi, Baba Tito, na umefunga kila mahali?" Wanawake na maswali. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana sikuandika. Nashindwa hata leo.

Walikuja wamependeza, vitenge vya sare, wanaimba tangu kwenye gari. Nikawaingiza mmoja mmoja kwa mkono kama wageni wa harusi. Soda ilikuwa baridi kweli. Feni ikazunguka. Mimi nikakaa nyuma, nje ya turubai, nikashika usukani wa injini. Nikampita Hamidu akiwa anapiga makasia na abiria wake wenye miavuli. Nikampungia mkono. Ee Mungu, nilimpungia mkono!

Kwanza Mama Matilda akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni njaa. Mwingine akatapika. Nikasema ni mawimbi. Bwawa lile halina mawimbi. Nikawasikia wanalalamika kwamba miguu imekwisha nguvu, nikasema wamekula chapati nyingi. Kisha sauti za juu zikaacha kuimba, kisha za chini. Nikadhani wamenuna. Nikachukua simu nikaongeza muziki.

Sijui tulikwenda umbali gani hivyo. Nilichungulia ili niwatanie. Wamelala mabegani mwa wenzao. Elinipa alikuwa sakafuni, kiatu kimemtoka. Nikamwita. Nikamwita tena. Nilipoingiza kichwa nikahisi kizunguzungu, nikabaki nimeng'ang'ania kamba nilizofunga mwenyewe. Hazikufunguka! Nikapiga kelele.

Aliyekuja ni Hamidu. Alishusha watu wake ukingoni, akaja akipiga makasia kama mwehu. Hakuuliza kitu. Akakata turubai kwa kisu upande huu na upande ule, akavuta pumzi, akaingia, akazima jenereta, akatoka. Akaniambia, "Mzee, watoe nje! Hewa! Hewa kwanza!" Tukaivuta boti mpaka ukingoni, tukawalaza majanini. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kukohoa na kulia. Elinipa hakukohoa.

Gari ya kwaya ikatupeleka hospitali Kisarawe. Wakamvika barakoa ya oksijeni. Mimi nimekaa kwenye korido nimeshika kiatu chake. Kizuri, cha Krismasi. Sikujua nikiweke wapi.

Daktari Fadhila, binti mdogo ninayeweza kumzaa, alinisalimia shikamoo kisha akanisema bila kupandisha sauti. Jenereta hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki. Mtu anadhani ni kichefuchefu cha boti, kumbe anakufa. Feni yangu ilikuwa inawagawia sumu. Na hata ningeliacha nyuma pale nje, akasema, hewa ile ingeweza kurudi chini ya turubai. Nikauliza kama mke wangu atapona. Akasema tusubiri.

Amefumbua macho leo mchana. Wengine wote wameruhusiwa. Nimelia chooni, nimefungulia bomba ili nisisikike.

Jumatatu, 11 Agosti

Elinipa amerudi nyumbani. Kichwa bado kinamuuma, na anasahau majina. Jina la Hamidu hajalisahau. Jana kanisani amepigiwa makofi, yeye Mwislamu, amealikwa maalumu! Mchungaji alimwita shujaa. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Turubai langu kalichana vipande, na hakuna aliyelitaja.

Leodegar amechukua jenereta lake. Alipangusa ile karatasi ya nyumba kwa kiganja, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jioni nilimpelekea Elinipa uji. Nikamwambia sikujua. Akauacha uji mpaka ukaota ngozi juu. Kisha akasema, "Nilikuita, Baba Tito. Nilikuita mara nyingi. Ukaongeza muziki."

Nimetoka nikasimama uani. Nimetamani ardhi ya Mkuza inimeze.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekuwa mtu mwingine. Boti nimeiuza kwa Hamidu mwenyewe, nimemshukuru, nimemshika mkono. Nimeapa mbele ya Mungu: jenereta sitaligusa tena maishani. Somo limeniingia mpaka kwenye mifupa.

Leo mvua ya manyunyu tangu alfajiri, na Elinipa anatetemeka kwa baridi. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha mapenzi. Nikawasha jiko la mkaa, likakolea vizuri, jekundu. Nikaliingiza chumbani karibu na kitanda. Nikafunga madirisha, nikaziba upenyo wa mlango kwa kanga ili joto lisitoroke. Nikakaa kusubiri sifa.

Alifumbua macho. Akaliangalia jiko. Akaniangalia mimi. Akainuka, mgonjwa vile vile, akalibeba kwa vitambaa mpaka nje kwenye mvua, akarudi akafungua madirisha yote, akaenda kulala sebuleni. Anapiga simu kwa dada yake aliyeko mjini Moshi.

Simwelewi. Lile jiko halina injini wala tone la petroli.

Nimefikiri sana, nadhani ni ule moshi wa mwanzo uliomkera. Kesho nitatafuta ule mkaa wa kisasa, usiotoa moshi hata kidogo.